Shangazi Anajibu: Yule Mke wa Mithali 31 Hakuwa Peke Yake Jikoni

Toleo lililopita nilichokoza. Niliandika kwamba zile kadi na vitambaa vya Mithali 31, lile shairi la Biblia la kumsifu mke mwema, tunavyogawana kwenye kicheni pati vingi huishia mstari wa 27, na kwamba mistari minne ya mwisho haikatwi kwa kukosa nafasi tu. Basi barua zimemiminika. Wengine wamenishukuru, wengine wamenionya nisiwaharibie wake zao. Nimechagua tano.

Kwa aliye mgeni kwenye ukurasa huu: mimi ni mjane, mzaliwa wa Rungwe, mkazi wa Isanga hapa Mbeya. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa TAZARA, nami nimeuza viazi soko la Soweto mpaka magoti yalipokataa. Sasa ni mzee wa kanisa katika ushirika wa Moravian. Theolojia sijaisomea, nimekaa semina, nimebishana na wachungaji, na Biblia yangu nimeishona mgongo ili kurasa zisitoke.

*Shikamoo Shangazi. Naishi Uyole, nina watoto watatu na meza ya vitenge Mwanjelwa. Kwenye kicheni pati yangu mama mmoja wa kanisa alinipa Mithali 31 imedariziwa kwenye kitambaa cheupe, nikaitundika sebuleni. Naamka saa kumi usiku. Kwa baridi ya huku lazima niwashe mkaa nichemshe maji ya kuoga ya nyumba nzima, niweke chai, niwaandae watoto, niwahi daladala. Jioni ni kupika na kufua. Jumatano kwaya, Jumamosi kikoba. Mume wangu ni mtu mzuri, halewi wala hapigi. Lakini nikisema nimechoka ananyoosha kidole ukutani: "Soma mstari wa 15, soma na wa 18." Wifi naye ananikumbusha kwamba taa ya mke mwema haizimiki. Majuzi nilisinzia kanisani katikati ya mahubiri, nikaona aibu. Halafu kuna kiwanja tulichonunua Isyesye kwa mgawo wa kikoba changu, kimeandikwa jina lake peke yake. Nikiuliza, naambiwa mke mwema hahesabiani na mumewe. Je, kuchoka kwangu ni dhambi? – Mama wa watatu, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Pole, kisha pole tena.

Kuchoka si dhambi. Eliya alichoka mpaka akaomba afe, na Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtumia malaika na mkate na maji. Akala, akalala tena (1 Wafalme 19). Bwana Yesu mwenyewe alilala chomboni huku dhoruba ikipiga, kichwa juu ya mto. Kwa hiyo la kusinzia kanisani lisikukondeshe. Mimi nikiwa benchi la wazee nawaona akina baba wakisinzia kila Jumapili, na sijasikia mtu akiwasomea mstari.

Sasa turudi ukutani kwako. Shairi lile mimi nimelisoma kwa macho ya mfanyabiashara. Muuza viazi akisimuliwa habari za biashara ya mtu, swali lake la kwanza ni hili: ana watu wangapi? Gunia likitoka Umalila mpaka Soweto limepita kwa mchimbaji, mshonaji, mbebaji, dereva na dalali. Yule anayesimama mwishoni na kalamu sikioni akisema "nimeleta mzigo" hakuuleta peke yake. Basi mstari wa 15 usome mpaka mwisho: mama yule huamka kabla haujaisha usiku, "huwapa watu wa nyumbani mwake chakula, na wajakazi wake sehemu zao." Wajakazi! Tena si mmoja. Mstari wa 16 anakagua shamba na kulinunua, halafu anapanda mizabibu kwa mapato yake mwenyewe. Wa 24 anatengeneza nguo za kitani na kuziuza, na mishipi anawapa wafanyabiashara. Huyu ni mama mwenye mtaji, mwenye watu chini yake, na mwenye neno la mwisho kwenye fedha alizozitafuta. Wewe umekabidhiwa kazi zake zote, ila wajakazi, mtaji na neno la mwisho vimebaki ndani ya Biblia.

Na huo mstari wa 18 ambao mumeo anaupenda, aanze mwanzo: "Huona kama bidhaa yake ina faida." Ndipo inafuata taa. Wapo wafafanuzi wanaosema taa isiyozimika ni dalili ya nyumba isiyokosa mafuta, yaani nyumba yenye nafasi, na habari ya mama kukesha haimo. Mimi naafikiana nao kwa sababu moja rahisi. Ukiunganisha wa 15 na wa 18 ukavifanya ratiba, mama huyu haamki tu usiku, halali kabisa. Mtu wa hivyo hapa Mbeya tungempeleka Hospitali ya Rufaa.

Lile ni shairi, mwanangu. Mchungaji mmoja aliyesoma Kiebrania alituonyesha: mistari yake ni 22, na kila mstari unaanza na herufi inayofuata ya alfabeti yao, ambayo ina herufi 22. Mtunzi alitaka kusifu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, asibakize kitu. Sifa za namna hiyo hukusanya miaka mingi ya mtu, ujana na utu uzima wake. Hazielezi Jumanne yake. Katika nyumba nyingi za Wayahudi shairi hilo huimbwa Ijumaa jioni, Sabato inapoingia. Mume anamwimbia mkewe mezani. Hebu fikiri: maneno yaleyale, kwao mke anaimbiwa akiwa ameketi, kwako unayasoma ukiwa umesimama na beseni.

Na mwanzo wa sura, ambao kwenye vitambaa haupo kabisa, ni mama anayemfundisha mwanawe, mfalme Lemueli. Anamwambia asiwape wanawake nguvu zake, aache kileo, afumbue kinywa chake kwa ajili ya aliye bubu, awapatie maskini haki yao. Baada ya hapo ndipo linakuja shairi la mke mwema. Wapo wasomi wanaosema mausia yanaishia mstari wa 9, na kwamba shairi ni kipande kingine. Sawa, lakini aliyevipanga aliviweka chini ya paa moja, na ukisoma kwa mpangilio huo mwanafunzi wa kwanza wa Mithali 31 ni mwanamume. Kicheni pati nimehudhuria nyingi mno. Bado nasubiri kualikwa mahali ambapo bwana harusi anakalishwa chini asomewe sura hii.

Tufike kwenye ile mistari minne. Wa 28, mume anamsifu. Wa 31, neno la mwisho la kitabu kizima cha Mithali, linasema: "Mpe mapato ya mikono yake, na matendo yake yamsifu malangoni." Huyo anayeambiwa "mpe" ni nani? Mke siye, maana ndiye wa kupewa. Anaambiwa yule aliye karibu na mapato hayo. Na malango ya mji ndipo walipokaa wazee na mashauri yalipokatwa. Boazi, yule wa kitabu cha Ruthu, alipotaka kumaliza habari ya shamba la Elimeleki alikwenda langoni kutafuta mashahidi. Kwa hiyo sifa ya mke huyu inatakiwa ifike hata mahali pa hati na mashahidi.

Hapo ndipo kiwanja cha Isyesye kinapoingia. Shairi linasema ananunua shamba; halisemi linaandikwa jina la nani, lakini mapato linayataja kuwa ya mikono yake. Nchi yetu nayo inayo sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaangalia mchango wa kila mmoja katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa, na Mahakama ya Rufani ilikwishaamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Wewe unazo kazi za nyumbani na juu yake unalo daftari la kikoba. Daftari hilo litunze, na risiti ya kiwanja ipige nakala. Sikuambii ujiandae kwa talaka. Nakuambia hivi kwa sababu mume mzuri naye hufa, na mimi nimekaa kwenye vikao vya misiba nikaona mashemeji wanavyouliza karatasi kabla matanga hayajaondoka.

Sasa la kufanya. Tafuta jioni moja watoto wamelala, umwombe mumeo asome kwa sauti, kuanzia mstari wa 1 mpaka wa 31, bila kuruka. Usimchambulie. Umesema ni mtu mzuri. Mtu mzuri akisoma mwenyewe husikia. Kisha mwombe vitu viwili tu, siyo kumi: majina mawili kwenye karatasi za kiwanja, na maji ya kuoga asubuhi awe anachemsha yeye. Mkaa hauulizi anayeuwasha ni mke au mume. Kwaya usiache kama ndiyo furaha yako, acha kufua siku hiyo. Wifi msalimie vizuri na usimjibu. Na kitambaa usikitungue. Kama nacho kimeishia mstari wa 27, uzi wa kudarizi unauzwa hapohapo Mwanjelwa.

*Mama mwenzangu, habari za siku. Mimi nipo Tukuyu, mwanangu na mkewe wapo Mbeya mjini. Mkwe anafanya kazi benki. Nimewatembelea mwezi uliopita nikakuta anayepika ni dada wa kazi, anayebeba mtoto ni dada wa kazi, hata mbalaga nimepikiwa na binti wa watu ambaye ndizi zenyewe hazijui. Mkwe anarudi jioni, anafungua kompyuta. Neno linasema mke mwema hali chakula cha uvivu. Nimwambie mwanangu? – Bibi wa wajukuu wanne, Tukuyu*

Ndaga, mama mwenzangu, za siku ni njema. La mbalaga nakupa pole ya kweli, maana zikipikwa vibaya ni huzuni.

Lakini mwanao usimwambie kitu. Mke wa Mithali alikuwa na wajakazi, tumekwisha kusoma hapo juu, na hakuna aliyemwita mvivu. Mtu anayeshinda anahesabu fedha za watu tangu asubuhi, akirudi na kompyuta, uvivu wake uko wapi?

Mimi swali langu ni jingine, nalo ni la kwako, la mkweo na hata la kwangu: huyo dada ni nani? Umeandika barua nzima na hukutaja ametoka wapi, ana umri gani, analala wapi, analipwa nini. Sisi watu wa nyanda hizi ndio hasa tunaotakiwa kuuliza. Ukienda Dar es Salaam ukiulizia msichana wa kazi, utaambiwa "mtafute wa Iringa". Mabinti wa Kilolo, Makete na Njombe wamelea watoto wa nusu ya mji ule. Ni watoto wetu. Na wanawake wengi tunaosifiwa kanisani kwamba tumeweza kazi, ndoa, kwaya na kamati, tumeweza kwa sababu kuna binti nyumbani anakula akiwa amesimama jikoni.

Maandiko hayakumficha mtu wa namna hiyo. Petro anamtaja Sara kuwa mfano kwa wake, na wahubiri wetu hulipenda neno hilo. Sara huyohuyo alimtesa mjakazi wake Hajiri mpaka binti wa watu akakimbilia jangwani akiwa na mimba. Aliyemfuata kule ni malaika wa Bwana, na Hajiri akampa Mungu jina, "Wewe U Mungu uonaye mimi" (Mwanzo 16). Sijasikia kicheni pati ambapo Hajiri alitajwa.

Kwa hiyo ukienda tena Mbeya, chukua nafasi yako ya ubibi uangalie haya. Binti ana miaka mingapi? Chini ya miaka 14 sheria ya ajira hairuhusu, na mimi hata wa 14 ningependa nimwone shuleni. Mshahara wake anaupata mkononi mwisho wa mwezi, au "anawekewa"? Torati inataka ujira wa maskini alipwe jua halijachwa. Jumapili anakwenda ibadani, au ndiye anayebaki na mtoto ili wengine wakamsifu Mungu kwa utulivu? "Sehemu zao", ndivyo mstari wa 15 unavyosema. Sehemu yake aipate. Na kupika mbalaga mfundishe wewe mwenyewe, ndizi uende nazo.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwendesha mashine kwenye kiwanda cha mbao, Mafinga. Mke wangu ni muuguzi, zamu za usiku zinamwangukia mara kwa mara. Akiwa zamu mimi napika ugali, naogesha mtoto, nafua nepi. Kaka zangu wanasema nimelishwa limbwata. Baba amesema hawezi kula chakula nilichosonga mimi nikiwa na mke. Kwenye kundi letu la kujifunza Biblia wamenifungulia Tito 2:5, wake wafanye kazi nyumbani mwao, na Waefeso 5, mume ni kichwa. Nimebaki sina jibu. Kazi yenyewe sioni ubaya wake, lakini maneno yananikera. – Baba wa mmoja, Mafinga*

Kamwene, baba.

Anza na Yohana 21. Yesu amefufuka, ameshinda mauti, na wanafunzi wanakuja pwani asubuhi wamechoka na kazi ya usiku kucha. Wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Bwana wa uzima amewasha mkaa akawapikia watu waliotoka zamu ya usiku. Kaka zako wakija na limbwata, wewe wafungulie hapo, halafu unyamaze.

Kuhusu Tito, isome sura nzima. Paulo anawagusa wazee wa kiume, wanawake wazee, wanawake vijana, wanaume vijana, watumwa. Kila kundi lina la kwake, na wanaume vijana wanaambiwa wawe na kiasi. Kwa wanawake vijana ametoa na sababu: "neno la Mungu lisitukanwe." Alikuwa anawaza majirani wa Krete watasema nini juu ya Wakristo. Sasa mimi nakuuliza, hapo Mafinga jirani atalitukana neno la Mungu kwa sababu gani? Kwa sababu muuguzi amekwenda kumzalisha mke wa mtu usiku, au kwa sababu mwanamume mzima amelala njaa yeye na mtoto, unga upo ndani na sufuria ipo? Paulo huyohuyo kule Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, mume na mke wenye ufundi mmoja wa kushona hema, akafanya nao kazi.

Fundisho la ndoa la Waefeso 5 linaanzia kwenye mstari wa 21, kunyenyekeana, na mume anaagizwa apende kama Kristo alivyojitoa. Ukichwa wa namna hiyo unalingana sana na kufua nepi.

Hayo mambo ya kazi za kike na kiume nayo yanahama, baba. Babu yangu kule Rungwe ndiye aliyekamua ng'ombe, na kulima shamba kwa jembe ilikuwa kazi ya wanaume na vijana wao. Leo pita barabara ya Tukuyu asubuhi uhesabu nani wana majembe begani. Kazi ilipohama kutoka kwa wanaume kwenda kwa wanawake sikumbuki mtu kutaja limbwata.

Baba yako usishindane naye. Akija, mkaribishe, umsongee, umwekee na kuku. Akikataa, chakula atakula mjukuu wake. Akija mara nyingine, songa tena.

*Shangazi, mume wangu ananipiga. Safari hii jino limetoka. Nilikwenda kwa mzee wa kanisa, akaniambia nirudi nyumbani nikamwombee, kwamba mke mwema huvumilia na siri ya ndani haitoki. Nivumilie mpaka lini? – Ilula*

Mwanangu, usivumilie hata leo.

Nenda hospitali. Kama hali inaruhusu, pitia kwanza polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa fomu ya PF3. Kama umeumia vibaya anza na hospitali, fomu itafuata. Lala kwa ndugu au kwa rafiki unayemwamini, na watoto wawe nawe. Sheria ya Ndoa, fungu la 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hilo lipo tangu 1971, kabla wewe hujazaliwa.

Nami kama mzee wa kanisa naongea na wazee wenzangu. Tukiletewa mtu mwenye jino mkononi, kazi yetu ya kwanza ni kumfikisha mahali salama. Kumwambia akaombe ni kuisoma Biblia kichwa chini. Petro anawaambia waume wawape wake heshima, kwa kuwa ni warithi pamoja nao wa neema ya uzima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe" (1 Petro 3:7). Maombi yenye matatizo katika nyumba hiyo ni ya mpigaji. Yeye ndiye wa kuitwa kwenye kikao. Na Mithali 31 yote nimeipitia, mstari kwa mstari. Kipigo hakimo.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Makambako, nina miaka 36, sijaolewa. Kwenye makongamano ya wanawake somo ni mke mwema, mama mwema, mkwe mwema. Wakigawana makundi mimi napelekwa kwa vijana, nakaa na wanafunzi wangu mwenyewe. Mwaka huu katibu wa wanawake ameniomba nifundishe somo moja kwenye semina ya ushirika wetu, ila kina mama wengine wamesema asiye na nyumba hawezi kufundisha wenye nyumba. Nikubali? – Mwalimu, Makambako*

Marahaba, mwalimu. Kubali, tena leo, kabla katibu hajabadili mawazo.

Na somo nakupa: Ruthu. Boazi anamwambia hivi: "Mji wote wa watu wangu wanajua ya kuwa wewe u mwanamke mwema" (Ruthu 3:11). Ruthu wakati huo ni nani? Mjane, mgeni kutoka Moabu, hana mtoto, hana shamba, anaokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji ili yeye na mkwewe wale. Mizabibu hana, wajakazi hana, na wa kumsifu malangoni bado hajaolewa naye. Sifa ile ameipata kabla. Wanawake wa Makambako wanaojua kuokota mahindi yaliyobaki shambani kwa mtu watakuelewa upesi kuliko wenye kadi za dhahabu.

Wakikuletea habari ya nyumba, kuna Lidia. Matendo 16 inasema alikuwa muuza rangi ya zambarau kutoka Thiatira, akabatizwa yeye na nyumba yake, akawashurutisha akina Paulo waingie kwake wakae. Luka hakuandika habari za mume wake, wala hakusema hayupo. Hakuona kwamba ni jambo la kuulizia. Hata mama yake Lemueli, mwalimu wa ile sura inayotusumbua mwezi mzima, tunamjua kwa mausia yake. Mumewe hatajwi. Na Mithali 31:30 inapotaja hatimaye ni mwanamke yupi atakayesifiwa, inasema "mwanamke amchaye Bwana", basi. Hapo hata wewe umo, na mjane wa Isanga mwenye magoti mabovu yumo.

Habari ya kukalishwa na vijana, mwambie katibu kwa upole kwamba utakaa na wanawake kwa sababu wewe ni mwanamke. Usieleze zaidi, ukieleza sana utageuzwa mada, wataanza kukuombea mchumba katikati ya semina, nami najua kina mama wetu wanavyoombea kwa sauti.

Kitabu cha Ruthu chenyewe ni sura nne tu. Wasomeshe chote kwa zamu, kila mama mstari wake, kisha waulize Naomi na Ruthu walikula nini kabla shayiri haijaiva. Waache waongee muda mrefu hapo. Ikimalizika semina niandikie walichosema, maana mwaliko wa kufundisha Ruthu huku Isanga na mimi ninao, na swali hilo la chakula nimekupa kabla sijalijaribu mwenyewe.